Msichana wa Chumba cha Boila

Rodah alipokwenda Nakuru kusomea kompyuta, akiwa na miaka kumi na tisa, mwalimu alifungua kasha la mashine siku ya kwanza kabisa, akaonyesha darasa kila kilichomo, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Rodah akainua mkono. Akauliza, kwa adabu zake zote, boila iko wapi.

Darasa lilicheka mpaka mwalimu mwenyewe akatoka nje kupunga hewa. Jina likamganda hapo hapo. Mpaka leo kuna watu Nakuru wanaompigia simu na kumwita Boila, naye huitika.

Sasa usimcheke kabla hujajua alikotoka. Rodah alizaliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, na elimu yote ya kompyuta aliyokuwa nayo hadi siku ile aliipata Jumamosi jioni kwenye holi la laini, kutoka kinywani mwa karani wa mizani ya majani, Seth Oyugi.

Holi lile lilikuwa na televisheni moja, nyeusi na nyeupe, iliyofungiwa ndani ya kizimba cha waya kama kuku, na ufunguo ulikaa kwa ofisa wa maslahi. Saa kumi na mbili jioni ilikuwa zamu ya mchezo wa watu wa angani. Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la Kiingereza ambalo hakuna aliyelishika, kwa hiyo laini nzima iliuita Chombo Saba. Na Kiingereza cha wazungu wale, waliosema kama wanafukuzwa, nani angekifuata? Wachumaji walikuwa Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii, kila mtu na Kiswahili chake cha kubahatisha. Basi Oyugi, aliyefika kidato cha nne, alisimama kando ya kizimba na rula ya ofisi mkononi, na kila mzungu aliyefungua mdomo, Oyugi akamsemea.

Jameni, alisema! Kabla ya kupewa mizani alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka sita, kwa hiyo chombo chake cha angani kiliendeshwa kama kiwanda cha chai. Kilikuwa na boila ya kuchemsha mvuke. Kilikuwa na draya ya kukaushia majani. Nahodha, yule mzee wa nywele nyeupe, alipopiga kelele za hofu, Oyugi alieleza taratibu kwamba kuni zimelowa na presha ya boila imeshuka. Adui walipokaribia, chombo kiliongeza spidi kutoka majani matatu hadi majani mawili na chipukizi, na holi zima likashika pumzi, maana juu ya hapo hakuna. Mchumaji anayeleta majani mawili na chipukizi hana wa kumgombeza. Na kompyuta ya chombo, kabati kubwa lililojaa taa za kupepesa, Oyugi aliipa jina Mama Hesabu.

"Mama Hesabu anasema kumbukumbu imejaa, apunguziwe mzigo," alisema Oyugi, na wanawake waliotoka kubeba vikapu kutwa wakaitikia, "Kweli, mama!"

Halafu kulikuwa na msichana. Huyo hakuonekana. Alianza kutajwa mchezo ukikaribia kuisha, majuma matatu hivi ya mwisho. Oyugi alieleza kwamba yuko chini, chumba cha boila, mahali kamera haifiki, na kwamba Mama Hesabu humtegemea yeye kuliko wanaume wote wa juu. Rodah, wakati huo darasa la sita, alisogea mbele kila Jumamosi, akainamisha shingo kana kwamba angeweza kuchungulia chini ya kioo.

Majuma hayo yalikuwa mabaya nyumbani kwao. Baba yake, Kipkemoi, alikuwa amekufa kwa kichomi masika yakianza. Mama yake, Chepkirui, alibaki na watoto wanne na kikapu kimoja. Akatangaza wazi, laini nzima ikasikia, kwamba mwisho wa mwezi Rodah anatoka shule, anafungwa kikapu mgongoni kama wenzake. Hakuna aliyemlaumu. Ndivyo mambo yalivyokwenda, na Rodah mwenyewe alikuwa ameshawagawia wadogo zake penseli.

Jumamosi ya mwisho ya Chombo Saba ikawa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo. Mama Hesabu alikuwa anazimika. Taa zilikufa moja moja, sauti yake ikitoka polepole, na Oyugi akageuka, akakipa mgongo kile kioo, akawatazama watu. Maneno yake Rodah aliyashika kama sala.

"Mama Hesabu anasema: mimi nazimika, na Nahodha amezeeka. Lakini kuna msichana kule kwenye boila. Anajua vitufe vyote. Mkimtoa pale mkampa kikapu, chombo hiki hakifiki popote. Nawaomba nyinyi wakubwa, mwacheni aisome mitambo mpaka amalize. Asanteni. Nimemaliza."

Jumatatu asubuhi Chepkirui alimwamsha Rodah, akamrushia sare ya shule, akaondoka na kikapu chake. Habari ya kuacha shule haikutajwa tena. Rodah hakuuliza. Alijiambia tu kwamba yeye ni msichana wa chumba cha boila, na akaisoma mitambo mpaka akamaliza.

Leo ana miaka hamsini na mbili na duka la kutengeneza kompyuta pale Kapsoit. Huletewa laptopu zilizomwagiwa chai, na wala usicheke, ndiko tuliko. Vituo vya kununulia majani humwita mizani ya kielektroniki ikigoma kutuma kilo. Na Oyugi, ambaye watu wanamwita Karani mpaka leo ingawa alistaafu zamani, alikuwa na kiti chake cha plastiki mlangoni mwa duka hilo. Kila mteja akiingia na mashine kwapani, mzee alishusha gazeti la jana na kuuliza, "Kumbukumbu imejaa?"

Lakini kumbukumbu iliyokuwa ikipungua ilikuwa yake. Mkewe, Wilkista, alifariki mwaka jana, na tangu hapo Karani ameunguza sufuria tatu na kupotea njia mara mbili akitoka kanisani. Binti yake, Aluoch, mwalimu wa Kiingereza kule Siaya, akakata kauli: baba anarudi nyumbani, upande wa ziwa, na anarudi mwisho wa mwezi.

Watu wa laini wakataka kumuaga. Wengi wametawanyika, maana siku hizi chai inachumwa na mashine na nusu ya zile nyumba zimefungwa. Kebaso, kwa mfano, yuko Londiani na viazi vyake. Wakaitana kwa simu, wakaomba holi lile lile. Na nani mwingine ila Rodah, kwa huo mdomo wake, akaahidi mbele ya wote, "Mimi nitawaletea Chombo Saba. Ile ya mwisho kabisa."

Hakuwa nayo. Alikuwa ameitafuta miaka. Kumbe mtandaoni kuna watu wa rika lake, dunia nzima, wanaohangaikia michezo ya zamani ya angani. Hubishana usiku na mchana taa za kompyuta fulani zilikuwa ngapi, na kitufe chekundu kilikuwa kushoto au kulia. Rodah alijiunga nao, akafurahi sana, isipokuwa siku alipouliza kuhusu boila. Walimjibu hakukuwa na boila. Akawaona wajinga. Wiki mbili kabla ya kumuaga Karani, mmoja wao akaweka mtandaoni kanda zote kumi na tatu za Chombo Saba, alizozikuta darini kwa marehemu mjomba wake.

Rodah alifunga duka mchana kweupe akaketi kutazama.

Alicheka kwanza, na alicheka kwa mapenzi. Kabati la Mama Hesabu lilikuwa jokofu lililopakwa rangi. Mshikio ulionekana wazi. Nahodha aliegemea ukuta, ukuta ukayumba. Na zile kelele zote za kumbukumbu! Wale watu wa angani walijisifu kwa kumbukumbu ambayo haingetosha picha moja ya mbuzi kwenye simu ya Rodah. Kisha akaisimamisha picha. Alikumbuka jinsi mashine ilivyokuwa jambo la kusubiriwa wiki nzima, la kukusanya watu mia moja kwenye mabenchi, ilhali sasa kila mmoja ana yake mfukoni na hakuna anayeishangaa. Hakuna mteja aliyewahi kumletea laptopu akiwa na uso ule waliokuwa nao watu wa laini mbele ya kile kizimba. Aliutamani uso ule. Aliutamani kuliko hata ule mchezo.

Akafika kanda ya kumi na moja. Akaongeza sauti. Akatazama ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, akarudia. Kiingereza chake sasa ni kizuri, na hakukuwa na msichana. Hakuna aliyemtaja. Hakukuwa hata na chumba cha chini. Na mwisho, Mama Hesabu alipokuwa anazimika, hakusema neno lolote la kuwaomba wakubwa. Alikuwa anahesabu tu. Alianzia arobaini, kwa sauti bapa isiyo na huruma, akashuka moja moja, polepole, mpaka sifuri. Taa zikazima. Basi.

Rodah aliketi pale mkono shavuni. Kikapu! Watu wa angani wana kikapu cha nini? Miaka arobaini alikuwa ameyasema maneno yale moyoni bila kujiuliza swali dogo kama hilo. Msichana alianza kutajwa baba yake alipozikwa. Oyugi alikuwa na nambari tupu arobaini, akazijaza maneno, na Rodah, masikio yote kwake, hakuzisikia zile nambari.

Alilia, tena kwa sauti, mpaka jirani anayeuza mbolea akaja kugonga mlango. Machozi yalipokauka, hofu ikaingia. Aluoch, mwalimu wa Kiingereza, atakuwa pale holini. Wajukuu wa kila mtu watakuwapo, na wote Kiingereza wanakisikia. Karani atasimama kusema maneno ya Mama Hesabu, na sauti itatoka pale pale ikisema thati-naini, thati-eiti. Watu watakufa kwa kicheko. Mzee ataondoka Kericho, baada ya miaka hamsini, akiwa mwongo.

Na kulikuwa na mama yake. Chepkirui hapendi kudanganywa. Huyu ni mwanamke aliyewahi kutembea kwa miguu hadi soko la Kapsoit kumrudishia muuzaji kuku wake, kwa sababu aliambiwa ni tembe mchanga na akagundua ni bibi. Akijua kwamba uamuzi mkubwa kuliko yote aliyowahi kufanya aliufanya kwa ajili ya porojo za karani, atasema nini? Rodah hakutaka kujua.

Alijaribu kumdokeza mzee. "Karani, yule msichana wa kwenye boila, unamkumbuka?"

Karani alishusha gazeti. Alimtazama muda mrefu, kwa upole. "Msichana gani, nyar Kipkemoi?"

Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Kipkemoi. Jina la baba yake alilikumbuka. Msichana alikuwa amefutika.

Rodah akapiga moyo konde. Sauti ataizima. Atawaambia kanda imeharibika upande wa sauti, vitu vya zamani ndivyo vilivyo, na Karani atapewa kipaza sauti asimulie kama zamani. Uongo mmoja kulinda mwingine. Hakuona njia nyingine.

Jumamosi ikafika. Madirisha ya holi walikuwa wameyaziba kwa magunia ingawa ilikuwa saa nane mchana, na kile kizimba cha waya bado kilikuwa ukutani, kitupu, kutu imekila. Watu hamsini hivi walikuja. Chepkirui alikaa benchi la mbele na leso yake ya kanisa, mgongo umenyooka, miaka sabini na minne. Aluoch alikaa karibu na mlango akitazama saa, maana walikuwa na safari kesho. Karani alivaa koti, na mtu fulani, Mungu ambariki, alikuwa amemtafutia rula.

"Sauti imekataa," Rodah alitangaza, uso mkavu. "Karani atatusaidia."

Makofi yalipigwa. Picha ikatokea kwenye shuka nyeupe waliyoitundika, na Nahodha akafungua mdomo.

"Nahodha anasema," alianza Karani, na sauti yake ikarudi, ile ile, "anasema boila imepoa, nani alikuwa zamu?"

Haki ya Mungu, hao watu walipiga kelele! Kebaso alisimama juu ya benchi, mzee mzima wa viazi. Karani akaendelea. Kuni zikalowa. Draya ikashika moto. Spidi ikapanda hadi majani mawili na chipukizi, na hata wajukuu, wasiojua wanachekea nini, wakacheka. Rodah alikaa kwenye meza yake nyuma ya laptopu, akitazama zile nyuso kwenye mwanga wa shuka. Ndizo hizo. Zilikuwa zimerudi.

Halafu taa za Mama Hesabu zikaanza kufa.

Karani aligeuka, akaupa mgongo ukuta kama siku ile, akawatazama watu. "Mama Hesabu anasema," akasema. "Mama Hesabu anasema mimi..." Rula ikashuka. Midomo ilimcheza bila neno kutoka. Alimtafuta Rodah kwa macho, na macho yale yalikuwa ya mtu aliyepotea njia akitoka kanisani.

Aluoch alikuwa ameshainuka kuja kumshika baba yake. Rodah aliyajua maneno yote, neno kwa neno. Angeyasema vipi, yeye aliyekuwa anaombewa ndani yake?

"Rodah," Chepkirui akasema kutoka benchi la mbele, bila kugeuka. "Weka sauti."

"Mama, sauti imeharibika."

"Mimi nimekuzaa. Weka sauti. Na urudishe nyuma pale taa zinaanza kufa."

Rodah akarudisha nyuma, akaweka. Angefanya nini? Sauti bapa ikajaa holi: foti. Thati-naini. Thati-eiti. Vijana wakatazamana, mmoja akaanza kucheka, na Aluoch akasimama katikati ya njia, mkono mdomoni. Alikuwa ameelewa.

Chepkirui akainuka. Aliinuka taratibu, magoti yake si ya jana, akaenda kusimama kando ya Karani, akawageukia watu.

"Huyu mashine anahesabu," alisema. "Hata siku ile alikuwa anahesabu. Karani, mimi nilisimama mbele ya mizani yako kila jioni miaka mingapi? Wewe unaita kilo kwa Kizungu, mimi nachunga masikio usinipunje. Thati-faivu. Thati-foo. Nani alinifundisha hizo kama si wewe? Hapa hakuna mchumaji hakujua hizo nambari."

"Kweli," akasema Kebaso kutoka juu ya benchi, kwa sauti ndogo. Na wazee wengine wakaitikia, kweli, mama.

Rodah alishika ukingo wa meza.

"Ulikuwa unaniambia mimi," Chepkirui akaendelea, na sasa alikuwa anasema na Karani peke yake. "Ungekuja kwa nyumba yangu kuniambia nisimtoe mtoto shule, ningekufukuza. Ningesema, utalisha hawa wanne wewe? Lakini nikaona mwanamume mzima, karani, amesimama mbele ya watu wote anadanganya. Kwa sababu ya mtoto wangu. Na watu wote wanajua, na hakuna anacheka. Nikasema, kama laini nzima inaweza kubeba huu uongo, mimi nitashindwa kubeba kikapu?"

Tuenti, ikasema mashine. Naintini.

Karani alikuwa analia. Sijui kama alikumbuka. Alimshika Chepkirui mkono, akasema, "Asante, Mama Rodah," na huenda alishukuru tu kwa kuokolewa pale alipokwama. Kisha Chepkirui, ambaye hajawahi kukanyaga darasa, akainua uso na kuyasema yote, pole pole, sauti yake juu ya zile nambari: mimi nazimika, na Nahodha amezeeka, lakini kuna msichana. Hakuruka hata neno. Mashine ikafika sifuri alipofika kwenye nimemaliza, na shuka ikawa nyeusi.

Magunia yaliondolewa madirishani. Chai ikamiminwa. Rodah aliinama chini ya meza akichomoa nyaya na kuzikunja, kwa sababu mikono ilihitaji kazi na uso ulihitaji mahali pa kujificha.

Aluoch alikuwa amemkalisha baba yake, akamfunga vizuri vifungo vya koti. Aliwatazama wazee wale kama mtu aliyeingia katikati ya mazungumzo.

"Lakini mama," akamuuliza Chepkirui, "mimi nimetazama vizuri. Huyo msichana alikuwa wapi?"

Chepkirui alipuliza chai yake kwanza.

"Si huyo hapo," alisema, "anakunja waya."